Lü Bu katika Total War: Three Kingdoms: kwa nini jenerali mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayenifilisi?

#1 Ngalawa77

Wakuu, habari za jioni. Nina wiki ya tatu sasa naongoza upande wa Lü Bu, jenerali wa China ya kale, katika mchezo wa kompyuta wa Total War: Three Kingdoms, ile kampeni inayoanzia mwaka 194, iliyoletwa na toleo la nyongeza la mwaka 2020. Nimeianza upya mara nne, na mara zote nne nimeishia pale pale. Nashinda mapigano sita au saba mfululizo, ramani inanipendeza machoni, kisha chakula kinakauka, miji niliyoiteka inaasi, majenerali wanajiondoa mmoja mmoja, na Cao Cao, mbabe wa vita hasimu wake, ambaye nimempiga mpaka nikamwonea huruma, anarudi na majeshi matatu yaliyoshiba.

Swali langu ni hili. Katika mfululizo wa michezo ya kampuni ya Koei kuhusu zama hizo, ambao ulianza kutoka mwaka 1985, Lü Bu ndiye mwenye alama 100 za vita, na katika mchezo huu ninaoucheza hakuna anayemfikia kwenye pambano la ana kwa ana. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuwa mtawala mbovu kiasi hiki? Dai langu ni kwamba watengenezaji wamemwonea: wamechukua mambo yaliyompata wakayafanya kuwa tabia yake ya kuzaliwa nayo, kana kwamba usaliti ni kitu kama urefu au rangi ya macho. Nipingeni.

#2 Kete_Nyeusi

Mkuu, kabla ya kumtetea marehemu wa miaka 1800, tuambie kwanza ulijenga mashamba mangapi.

Nasema hivyo kwa sababu mchezo wenyewe umekutega. Lü Bu anapewa msukumo kila anaposhinda, tena amewekewa orodha ya mashujaa wa kuwashinda ili apate zawadi, kwa hiyo mchezaji anavutwa atoke kwenye pambano moja aingie jingine bila kutua. Ukiufuata mvuto huo mpaka mwisho utakuwa na mashujaa wengi kwenye orodha na ghala tupu. Huo si uonevu, ni mtego, na wewe umeuingia mara nne.

#3 MwalimuMstaafu

Ndugu Ngalawa77, sikubaliani na dai lako, ingawa swali ni zuri. Chen Shou, aliyeandika historia ya falme tatu za China za zama hizo katika karne ya tatu, wakati waliowaona watu hao kwa macho walikuwa bado hai, alimhukumu Lü Bu kwa maneno makali: kwamba alikuwa na ushujaa wa chui milia anayenguruma, lakini hakuwa na mipango ya ajabu, alikuwa mwepesi wa kugeuka, na alichokitazama ni faida tu. Akaongeza kwamba tangu zamani hajapata kuwako mtu wa aina hiyo asiyeangamia.

Hukumu hiyo ina msingi wake. Mtu huyu alikuwa na baba wa kambo wawili, Ding Yuan na Dong Zhuo, mbabe aliyeishika serikali, na wote wawili aliwaua kwa mkono wake, wa kwanza mwaka 189 na wa pili mwaka 192, huyu wa pili kwa sababu ya mwanamke aliyeitwa Diaochan. Watengenezaji wa mchezo hawakubuni kitu hapo.

#4 Xuzhou_Zamani

Shikamoo Mwalimu. Naomba nikusahihishe katika mawili, kwa heshima.

La kwanza, Ding Yuan hakuwa baba wa Lü Bu kwa namna yoyote katika historia ya Chen Shou. Alikuwa mkubwa wake wa kazi, akamfanya karani wake mkuu, akamtendea kwa ukarimu. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu mpanda farasi mkali kuliko wote wa zama zile alikuwa amewekwa ofisini. Kiapo cha baba na mwana alikula na Dong Zhuo peke yake. Ubaba wa Ding Yuan ni zao la riwaya ya Luo Guanzhong kuhusu falme hizo tatu, iliyoandikwa karne ya 14, yaani zaidi ya miaka 1000 baadaye.

La pili, Diaochan hayumo katika historia. Kilichomo ni kwamba Lü Bu alikuwa na uhusiano wa siri na mjakazi wa Dong Zhuo, jina halikutajwa, akaishi kwa hofu ya kugundulika. Kabla ya hapo Dong Zhuo, ambaye hasira zake zilikuwa za papo kwa papo, alishamrushia mkuki mfupi kwa kosa dogo tu, na Lü Bu akaukwepa. Mchezo umemchukua Diaochan kutoka riwayani kwa sababu riwaya ndiyo wanayoijua watu.

#5 MwalimuMstaafu

Marahaba, binti yangu. La karani nilikuwa silijui, nashukuru. Hata hivyo, ukimwondoa baba mmoja anabaki mmoja, na hukumu ya Chen Shou inabaki ilivyo.

#6 MkulimaWaMpunga

Mnagombania tabia ilhali jibu liko kwenye nafaka.

Mwaka huo wa 194 unaoanza nao kampeni, Lü Bu na Cao Cao walikuwa wakipigania jimbo la Yan, wakakabana Puyang kwa siku zaidi ya 100. Haikuwa hodari wala mwerevu aliyeyamaliza mapigano yale, walikuwa ni nzige na ukame. Kumbukumbu za wakati ule zinasema kipimo kimoja cha nafaka, kitu cha lita 20 hivi, kilifika bei ya sarafu zaidi ya 500,000, na watu walikula watu. Majeshi yote mawili yaliachana kwa sababu hayakuwa na cha kula.

Sasa tazama walichofanya baada ya njaa hiyo. Cao Cao mwaka 196 aliwaweka watu waliokimbia makwao kwenye mashamba yaliyoachwa karibu na mji wa Xu, serikali ikawapa ng'ombe wa kulimia, na mavuno yakagawanywa. Mwaka wa kwanza tu walivuna vipimo 1,000,000. Lü Bu katika mwaka huo huo alikuwa ananyang'anya mji wa Xiapi kwa mwenyeji wake Liu Bei. Mmoja alikuwa anapanda, mwingine alikuwa anahama.

Mimi nalima mpunga Mbarali na ninawajua vibarua. Wakikosa ugali siku mbili, ya tatu hutawaona, hata uwe na sauti kama radi. Mchezo umelionyesha hilo vizuri sana kwa kuweka chakula cha dola nzima upande mmoja na akiba ya kila jeshi upande mwingine, kwa hiyo wewe Ngalawa77 usilalamike kwamba umeonewa. Umefikwa na Puyang.

#7 KadiYaPicha

Naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyekigusa: unacheza kwa mtindo upi? Mchezo huu una mitindo miwili. Mmoja unafuata riwaya, na humo jenerali anapigana peke yake kama mtu mia, anapeperusha askari hewani, anamwita jenerali mwenzake wapambane wawili huku majeshi yakitazama. Mwingine unafuata kumbukumbu za historia, na humo jenerali anatembea na kikosi cha walinzi wapanda farasi, anachoka, na akizingirwa anakufa kama wengine.

Kompyuta yangu ni ya zamani, inachemka mpaka nimeiwekea kitabu chini na feni pembeni. Siku moja Lü Bu wangu alikuwa katika pambano na shujaa Zhang Fei, amebakiza uhai mdogo tu, umeme ukakatika. Nilipowasha tena nilikuwa nimerudishwa nyuma zamu tano, na kwa hasira nikaamua kuanza upya kwa mtindo wa historia. Ndipo nilipoona kwamba katika mtindo huo Lü Bu ni jenerali mzuri, basi, si radi. Alama 100 ni za riwaya, na kufilisika ni kwa historia. Wewe unavila vyote viwili kwenye sahani moja, kisha unashangaa tumbo linauma.

#8 Mpita_Njia

Mapambano ya wawili wawili ni uzushi mtupu wa riwaya. Hakuna jenerali mwenye akili ambaye angeacha jeshi lake akapigane peke yake.

#9 Xuzhou_Zamani

Ndugu Mpita_Njia, si uzushi mtupu. Pambano maarufu kuliko yote, lile la lango la Hulao ambapo Liu Bei, Guan Yu na Zhang Fei wanamzunguka Lü Bu watatu kwa mmoja, ndilo la kubuni. Lakini kuna simulizi ya zamani, ambayo Pei Songzhi aliiingiza katika maelezo yake ya mwaka 429 juu ya kitabu cha Chen Shou, kwamba mwaka 192 chini ya kuta za Chang'an Lü Bu alimwambia adui yake Guo Si warudishe majeshi nyuma wapambane wenyewe, akamchoma mkuki, na wapanda farasi wa Guo Si wakaja kumwokoa. Kwa hiyo yalitokea, ila yalikuwa machache na mafupi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye silaha, ile ya mchezoni, yenye ncha ya mkuki na mwezi mwandamo ubavuni, haikuwapo zama zake. Hiyo ni ya karne nyingi baadaye. Dong Zhuo aliuawa kwa mkuki wa kawaida. Hata yale manyoya mawili marefu yanayochezacheza juu ya kichwa chake ni ya jukwaani: katika opera ya Kichina, kijana shujaa mwenye majivuno hutambulikana kwa manyoya ya mkia wa ndege kama kwale mkubwa, na mwigizaji huyavuta kwa vidole viwili akayapinda mpaka mdomoni anapotaka kuonyesha tamaa au dharau. Cao Cao naye huko hupakwa uso mweupe wa mtu mjanja. Waliochora wahusika wa mchezo huu walilitazama jukwaa kabla ya kutazama makaburi.

#10 Mpita_Njia

Dada, hapo kwenye silaha nina pingamizi. Kwani si Lü Bu aliyeusimika mkuki wake wenye tawi langoni mwa kambi akaupiga mshale? Kisa hicho kimo katika historia, si riwaya.

#11 Xuzhou_Zamani

Kisa ni cha kweli, na nakipenda kuliko vyote. Mbabe wa vita Yuan Shu alimtuma jenerali Ji Ling na askari 30,000 wammalize Liu Bei. Lü Bu aliwaalika wote wawili kwenye chakula, akaagiza mkuki wenye tawi usimamishwe langoni, akasema kwamba asili yake hapendi watu wapigane bali anapenda kuwasuluhisha, na kwamba akilipiga lile tawi dogo kwa mshale mmoja basi kila mtu arudi kwake. Akalipiga. Wakarudi kwao.

Lakini silaha ile ilikuwa *ji*, chombo cha kawaida cha askari wa zama za Han, chenye ncha mbele na ulimi mmoja ubavuni. Wala haisemwi kwamba ilikuwa yake. Kumbukumbu zinamsifu kwa upinde na farasi.

#12 Ngalawa77

Nimerudi, wakuu, na nashukuru. Kete_Nyeusi, mashamba niliyojenga ni matatu, usicheke.

Ila kisa cha #11 ndicho hasa kinachonisumbua. Mtu aliyezuia vita kwa mshale mmoja bila tone la damu hakuwa mjinga wa siasa. Katika mchezo, Cao Cao ndiye aliyepewa uwezo wa kuchezea uhusiano wa wengine, anachochea wawili wagombane huku yeye amekaa pembeni, na Lü Bu amepewa ngumi tu. Kwa nini asipewe walau nafasi moja ya kusuluhisha?

#13 Kete_Nyeusi

Mashamba matatu. Nimenyamaza.

#14 BintiWaShela

Mkinisoma mtaniona natoka nje ya mada, ila sitoki sana. Sisi wa pwani tuna Fumo Liyongo, shujaa asiyeshindwa kwa silaha, aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni baada ya kijana kudanganywa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya cheo na mke. Tazameni hadithi inavyoegemea: kwetu anayekumbukwa kwa mapenzi ni baba aliyesalitiwa, na kijana anabaki mtu wa kulaaniwa. Kwa Lü Bu ni yule aliyemchoma baba ndiye shujaa wa hadithi, na anayechomwa ni Dong Zhuo, aliyeuchoma moto mji mkuu wa Luoyang na kuwahamisha watu wake kwa nguvu. Je, kumwua mtu wa namna ile ni usaliti kweli? Aliyepanga mauaji yale alikuwa waziri Wang Yun, na yalitekelezwa kwa jina la mfalme.

#15 Mpita_Njia

Tukianza kumtafutia Liyongo alama za vita uzi huu utafika kurasa 40.

#16 BintiWaShela

100. Nimemaliza.

#17 Hakimu_Mkimya

Nimesoma yote, na nadhani #14 amegusa penyewe. Swali si kama Lü Bu alisaliti, bali ni nani ambaye hakusaliti. Liu Bei, ambaye katika mchezo na katika riwaya ni mfano wa utu, alikaa kwa Gongsun Zan, akahamia kwa Tao Qian, akawa chini ya Lü Bu, akaenda kwa Cao Cao, akamkimbia akaenda kwa Yuan Shao, kisha kwa Liu Biao. Mwaka 214 alilitwaa jimbo la Yi kutoka kwa Liu Zhang, mtu wa ukoo wake aliyemkaribisha kama mgeni. Ukihesabu wenyeji walioachwa, Liu Bei anamzidi Lü Bu.

Tofauti ni kwamba Liu Bei alifaulu, akaacha ufalme na watu wa kumsimulia. Lü Bu hakuacha mtu. Historia yake imeandikwa na mtumishi wa nasaba ya Jin, iliyourithi ufalme wa Wei wa akina Cao, yaani nyumba ya mtu aliyemnyonga. Mchezo unapompa huyu sifa ya usaliti na yule sifa ya wema, unarudia hukumu ya washindi kwa tarakimu.

#18 MwalimuMstaafu

Hakimu_Mkimya, hoja ya washindi ni nzuri lakini unaivuta mno. Chen Shou alikuwa mzaliwa wa nchi ya Shu, ufalme wa Liu Bei, na alitumikia huko kabla ya kutumikia Jin. Hakuwa mpiga debe wa akina Cao. Tena waliomkataa Lü Bu hawakuwa Cao Cao peke yake. Alipofukuzwa Chang'an, siku kama 60 tu baada ya kumwua Dong Zhuo, alitoka na wapanda farasi mia kadhaa huku kichwa cha Dong Zhuo kikining'inia kwenye tandiko lake, akaenda kwa Yuan Shu, ambaye Dong Zhuo alikuwa ameuangamiza ukoo wake. Alitarajia kupokewa kama mlipiza kisasi. Chen Shou anasema Yuan Shu alichukizwa na ugeugeu wake, akamkataa.

Akaenda kwa Yuan Shao. Huko alifanya kazi nzuri dhidi ya majambazi wa Milima Myeusi, kisha askari wake wakaanza kupora, na Yuan Shao akapanga kumwua usiku. Lü Bu alihisi. Alimweka mtu hemani apige *zheng*, ile ala ya nyuzi, akaondoka kimya huku muziki ukiendelea; wauaji walipoingia usiku walikatakata kitanda kitupu. Mtu anayefukuzwa na kila nyumba anayoingia, Ndugu Hakimu, hatuwezi kuzilaumu nyumba zote.

#19 Kigae_Cha_Mwisho

Mimi nacheza Rise of Kingdoms kwenye simu, ambako Cao Cao ni kamanda wa wapanda farasi wa daraja la juu kabisa, na nimemtumia miezi minane. Huko hakuna usaliti, hakuna njaa wala kipimo cha kuridhika kwa majenerali. Kamanda ni silaha tu unayoipandisha ngazi. Kwa hiyo naona maelezo ni mepesi kuliko yenu yote: mtengenezaji anahitaji mtu mwenye nguvu kupita kiasi, na akishamweka lazima ampe kasoro kubwa, vinginevyo kila mchezaji atamchagua huyo huyo. Ugeugeu wa Lü Bu ni bei ya zile alama 100. Haihusiani na Chen Shou.

#20 Hakimu_Mkimya

Kama ni bei tu, wangeweza kumpa ugonjwa wa miguu. Walichagua usaliti kwa sababu ulikuwa tayari umeandikwa.

#21 Mto_Malagarasi

Naweka maelezo ya tano, au ya sita, nimepoteza hesabu.

Lü Bu alizaliwa Jiuyuan, kaskazini kabisa, upande wa mji wa Baotou wa leo huko Mongolia ya Ndani, mpakani. Hakuwa na ukoo. Yuan Shao alitoka katika nyumba iliyotoa mawaziri wakuu kwa vizazi vinne mfululizo. Popote alipokwenda alikuta mtu aliyesomeshwa au kuajiriwa na babu yake. Cao Cao alikuwa na binamu zake akina Cao na Xiahou, waliompa askari, mali na watu wa kuaminika. Lü Bu alikuwa na upinde. Mtu asiye na ukoo hana pa kurudi akishindwa, kwa hiyo kila akishindwa anakuwa mgeni kwa mtu, na mgeni mwenye silaha hakai sana kabla hajageuka mwenyeji au maiti. Mimi nimekulia Kigoma, nimeona wakimbizi wa vita mbalimbali, na najua jinsi mtu mwenye bunduki na asiye na kijiji anavyotazamwa.

Hata lile jimbo la Yan halikuwa wazo lake. Zhang Miao na Chen Gong, watu wa Cao Cao mwenyewe, ndio waliomwasi na kumwalika Lü Bu awe uso wao. Karibu wafanikiwe. Ndani ya Puyang wapanda farasi wa Lü Bu walimkamata Cao Cao bila kumtambua, wakamwuliza Cao Cao yuko wapi. Akawajibu kwamba ni yule pale anayekimbia juu ya farasi wa manjano. Wakamwachia, wakamfukuza mwenye farasi wa manjano.

Ngalawa77, umempiga Cao Cao mara tatu ukamwachia kila mara. Nadhani umeliona hilo.

#22 MkulimaWaMpunga

Hoja ya ukoo naikubali nusu. Ukoo wa akina Yuan haukumzuia Yuan Shu kufa mwaka 199 akiomba asali ikakosekana jikoni. Bila shamba, ukoo ni majina tu.

#23 KadiYaPicha

Ninavyoona hata alama 100 zenyewe zina shaka. Mwaka 191 jenerali Sun Jian aliwapiga majenerali wa Dong Zhuo huko Yangren, na Lü Bu alikuwa mmoja wa makamanda wa jeshi lile lililoshindwa, tena inasemekana alihusika kulivuruga kwa sababu hakuelewana na mkubwa wake Hu Zhen. Muda si mrefu Sun Jian akamshinda tena alipokuwa akiingia Luoyang. Kwa hesabu hiyo 100 zingekwenda kwa Sun Jian.

#24 Mpita_Njia

Halafu akauawa mwaka 198, mambo yakaisha.

#25 Xuzhou_Zamani

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa tatu wa Jian'an, jina la enzi katika kalenda ya Kichina, ambao kwa kalenda yetu unaangukia Februari 199, ndiyo maana vitabu vinatofautiana. Hata mimi niliandika 198 kwenye insha, mwalimu akaizungushia wino mwekundu.

Nilisoma Xuzhou miaka mitano, na siku moja wenzangu walinipeleka upande wa Pizhou, eneo la ile Xiapi ya kale. Nilitegemea kuta na mnara. Nilichoona ni mashamba ya vitunguu saumu mpaka upeo wa macho, na harufu yake iliyoingia mpaka ndani ya basi. Ni nchi tambarare ya mito, na ukisimama pale unaelewa mara moja jinsi Cao Cao alivyoweza kuyageuza maji ya mito Yi na Si yakauzunguka mji. Kilichofuata ni kile kile kinachokupata mchezoni, Ngalawa77: maofisa watatu, Hou Cheng, Song Xian na Wei Xu, walimfunga Chen Gong, mshauri wa Lü Bu, wakajisalimisha na askari wao.

Lü Bu alipoletwa amefungwa alilalamika kwamba kamba imekazwa mno. Cao Cao akamjibu kwamba kumfunga chui milia hakuna budi kukaza. Lü Bu akajitolea kuongoza wapanda farasi wake, Cao Cao aongoze waendao kwa miguu, na dunia yote itakuwa yao. Na Cao Cao akasita. Ni Liu Bei, yule yule aliyeokolewa na mshale wa #11, aliyemkumbusha yaliyowapata Ding Yuan na Dong Zhuo. Lü Bu akanyongwa.

#26 Hakimu_Mkimya

Na hapo Liu Bei anapata alama ngapi za wema?

#27 MwalimuMstaafu

Alisema kweli, ndugu yangu. Kusema kweli si kosa.

#28 BintiWaShela

Kunategemea unamwambia nani, Mwalimu, na kamba iko shingoni mwa nani.

#29 Ngalawa77

Wakuu, nimeanza mara ya tano, kwa mtindo wa historia kama alivyosema KadiYaPicha, na mashamba kwanza kama alivyosema Mkulima. Nimekaa zamu kumi bila kushambulia mtu. Ghala limejaa, miji imetulia, na kwa mara ya kwanza nina ziada. Tatizo ni kwamba kila nikibofya jina la Chen Gong naona kuridhika kwake kunashuka kidogo kidogo, na sijui nimemkosea nini. Zhang Liao, jenerali wangu mwingine, naye ameanza kulalamika kwamba hapewi cheo. Jana Cao Cao alinitumia mjumbe kutaka mapatano ya amani, nikakubali, na sasa naona jeshi lake moja limesimama mpakani bila sababu.

#30 Kete_Nyeusi

Ametanda upande gani wa mto?

#31 Ngalawa77

Wa juu.

#32 Mto_Malagarasi

Mpe Chen Gong cheo usiku huu huu. Na ukikutana na mtu juu ya farasi wa manjano, mwache apite.